Kiboko Kwenye Mlango wa Buluu

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Mtaa wetu wa Buyenzi umenyamaza, hata mafundi wa gereji wameacha kugonga. Siku nzuri ya kusema uongo. Nami nimesema mmoja.

Nieleze kwa utaratibu. Nimefundisha miaka thelathini na minane, na najua kwamba jambo lisiloelezwa ni sawa na jambo ambalo halikutokea.

Mjukuu wangu Houda ana miaka ishirini na miwili na anachora katuni. Si za gazetini. Huzichora kwa kalamu isiyo na wino juu ya kishikwambi, kisha rafiki yake Nella, anayekaa Gihosha, juu mlimani, huzitia rangi na kuziweka mtandaoni kila Ijumaa. Watu huzisoma kwenye simu, wakizisukuma juu kwa kidole kama wanaopapasa paka. Uvira wanasoma. Kigoma wanasoma. Katuni inaitwa Majirani wa Ziwa. Humo wanyama ni mizimu na mizimu ni majirani. Kinyonga hujibu salamu baada ya siku tatu. Yangeyange hubeba ndoto za waliolala na mara nyingine huziangusha nyumba isiyo yake. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilisema ni upuuzi. Nimesoma sura zote mara nne.

Hadithi kubwa humo ni ya Kiboko aliyesahau njia ya ziwa. Hiyo Houda hakuibuni. Ni ya marehemu mke wangu Asiya, Mungu amrehemu, aliyeisimulia katika nyumba hii miaka arobaini na tatu, baada ya magharibi, mlango wazi, mimi nimejilaza mkekani. Kiboko ndiye mtunza sauti ya ziwa. Jioni moja anatoka kula majani, mvua inafuta nyayo zake, na akigeuka anakuta mji umeota kati yake na maji. Anatembea mtaa kwa mtaa akiuliza njia. Wote wanamjibu kwamba ziwa halitafutwi kwa macho. Atege sikio, atamsikia ndugu yake. Basi anatega sikio ukuta kwa ukuta, hadi anafika kwenye nyumba yenye mlango wa buluu.

Leo Houda alileta chai akasema amefika hapo hapo, mlangoni, na mbele ni giza. Alikuwa mtoto, kila jioni alilala Kiboko akiwa bado njiani. Amewaahidi wasomaji mwisho Ijumaa. Na hataki kubuni. Ama mwisho wa Bibi, ama Kiboko abaki pale mlangoni milele naye afunge katuni yote. Kisha akaniuliza kama naujua.

Nikasema naujua! Neno kwa neno!

Siujui.

Si kwamba nilikuwa nalala. Nilikuwa nafumba macho ili nisikie vizuri zaidi. Wanafunzi bora wote hufanya hivyo. Lakini kila mara, Kiboko akishatega sikio, kinachofuata kichwani mwangu ni harufu ya chakula na Asiya akiniambia ninawe mikono.

Kuna jambo baya zaidi. Asiya alipokuwa mgonjwa nilimwambia asihofu, hadithi zake zote ziko kwangu, salama, mwanzo hadi mwisho. Alicheka hadi akakohoa. Nilidhani ni furaha.

Houda alikuwa tayari na kalamu. Nikamkumbusha kwamba hadithi haisimuliwi mchana. Anayesimulia mchana huota mkia. Asiya alilishika sana hilo. Houda akasema sawa, atakuja jioni. Jioni mvua ikazidi, mabati yakanguruma, tukashindwa kusikilizana. Alhamdulillahi!

Jumapili, 9 Novemba

Mbingu nyeupe. Mvua hakuna. Msaada hakuna.

Mpango wa kwanza: ndoto. Hoja yangu ni hii. Masikio yangu yalikuwapo mkekani hata kama mimi sikuwapo. Kilichoingia masikioni lazima kimekaa mahali fulani. Basi nikale vizito, nilale, nikakitafute.

Nikala ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, sahani mbili. Nikaingia chumba cha ndani, dirisha nikalifunga. Huko ndiko ninakolala tangu Asiya aondoke. Mkeka wa sebuleni nimeukunja na kuusimamisha pembeni. Sijui kwa nini sipendi kuutazama.

Ndoto ilikuja upesi. Barabara yetu ilikuwa maji, maji laini ya rangi ya chai ya maziwa, na nyumba zote zilikuwa zimefungwa kamba kama mitumbwi. Yangeyange walipita wamebeba vifurushi midomoni. Mmoja aliangusha chake mbele yangu. Ndani mlikuwa na jino langu la utotoni na funguo za darasa la tano. Kisha Kiboko akapita, mkubwa, bila haraka, mgongo wake ukiwa na majani ya mpunga. Nikamfuata. Nikamwomba aniambie alichosikia mlangoni. Akanigeukia kwa upole akaniuliza kwa nini sina rejesta. Nikarudi kutafuta rejesta.

Nikaamka. Saa kumi na moja. Rejesta sikuipata.

Jioni Houda alikaa sebuleni na kishikwambi chake. Nikamweleza kwanza historia ya viboko wa mto Ruzizi, halafu tofauti ya mzimu na pepo, halafu kwa nini kiboko hajui kuogelea bali hutembea chini ya maji. Elimu muhimu! Tulipofika hapo umeme ulikatika. Akasema, taratibu sana, “Babu, mwisho bado?” Nikasema mwisho mzuri unahitaji msingi.

Jumatatu, 10 Novemba

Mpango wa pili: Salvator.

Ni jirani yangu upande wa ziwa, fundi mstaafu wa injini za boti. Mtu wa Uvira, Mkatoliki, mwenye cheko la kuangusha vyombo. Kati yetu kuna uzio wa mabati wenye matundu. Kila jioni, kwa miaka yote ile, hadithi ya Asiya ilipoisha nilisikia kama kwa mbali cheko la Salvator likipita kwenye matundu hayo. Kwa hiyo mwisho anaujua! Aliuchukua bure kupitia kwenye uzio wangu, uzio niliouweka kwa mikono yangu.

Kumwomba moja kwa moja haiwezekani. Salvator na mimi tumeshindana tangu siku ile aliposema kwamba jogoo wake anaijua saa kuliko mimi. Nikatumia hila ya kialimu. Nikamwambia kwamba wazee wengi siku hizi wanapoteza kumbukumbu, nami kama mwalimu nina jaribio dogo la bure. Asimulie hadithi yoyote ndefu anayoikumbuka. Kwa mfano, tuseme, ile ya Kiboko.

Alikuwa anapaka mafuta ile injini yake ya zamani ambayo haitaona maji tena. Akaniambia kwamba mchana haisimuliwi. Nikamwambia mkia atauota yeye, si mimi. Akakubali.

Alisimulia vizuri, nakiri. Alimtembeza Kiboko kutoka Buterere hadi kwetu bila kuruka mtaa. Sungura alimwuzia njia ya uongo. Kinyonga alimwambia asubiri siku tatu. Akafika mlango wa buluu. Akatega sikio. Nami nikatega langu!

Salvator akaishia hapo. Akanitazama. Mabega yakaanza kutikisika. Akaikumbatia injini kama mtu anayezama, akacheka hadi kuku wakatawanyika.

Nikamwambia jaribio linadai mwisho. Akajifuta macho kwa kitambaa cha mafuta, akabaki na mistari myeusi usoni. “Ile mwisho aisemwake, Mwalimu,” akasema. “Inasikiwaka.”

Hausemwi, husikiwa? Nikamwomba afafanue. Akasema apana, Mama Asiya atamuuliza siku moja huko mbele. Halafu akaongeza, bila kucheka sasa, kwamba jioni zimekuwa kimya sana upande wangu, anakosa usingizi.

Nimempa alama nne kwa kumi. Husuda tupu!

Jumanne, 11 Novemba

Mpango wa tatu: damu. Mwanasiti, mdogo wake Asiya, anaishi Buterere. Alikuwa akija kwetu kila mwezi na kulala siku mbili. Atakuwa ameusikia.

Mafuta ya gari hakuna mjini, mabasi mawili yalipita yamejaa hadi mlangoni. Nikaenda kwa miguu na baadaye kwa baiskeli ya kukodi. Dereva wa baiskeli nilimweleza njia nzima kwa nini maji hujaa Buterere kila masika: ardhi iko chini, milima iko juu. Akasema anajua, anaishi huko.

Mwanasiti alinipokea kwa furaha na maharage. Nikazunguka. Nikasema Houda anataka kuhakikisha tu, maana mimi mwisho naujua, ila mashahidi wawili ni bora kuliko mmoja. Akaniuliza, “Shemeji, wallahi unaujua?” Nikasema wallahi siapi kwa mambo madogo. Hapo akaketi chini kwenye mkeka, akajifunika uso kwa kanga, na kanga nzima ikaanza kutetemeka.

Nilidhani analia. Anacheka!

Alipopata pumzi alisema hawezi. Dada yake alimwapisha. Maneno yenyewe, nayaandika kama yalivyo: “Asiambiwe kamwe. Akijua tu, ataharibu.” Nikauliza nani asiambiwe. Akanimwagia maharage mengine sahanini.

Nimelifikiria hili kwa utulivu. Hitimisho: ni siri ya wanawake wa ukoo wao. Mambo ya namna hii yapo, nimewahi kuyasoma.

Nilirudi kupitia mashamba ya mpunga. Manyunyu. Ukungu umekaa juu ya maji na yangeyange wamesimama ndani yake kwa mguu mmoja, kama watu wanaojaribu kukumbuka jina. Kwenye tuta nikaona nyayo, pana kama sinia, zikitoka upande wa Ruzizi. Kiboko alipita humo alfajiri. Kila unyayo ulikuwa umejaa maji, na ndani ya kila maji palikuwa na kipande cha mbingu. Nikasimama. Kwa muda sikuwa na la kumweleza mtu yeyote. Niliwaza tu kwamba Asiya angezihesabu, kisha angesema moja imepungua, ameibeba sungura.

Nikafika nyumbani nimelowa. Houda hakuniuliza kitu. Alikuwa amechora mlango. Mlango mtupu, wa buluu, wenye alama ya kutu chini ya bawaba. Nikamwambia ni mzuri lakini alama hiyo ya nini. Akasema, “Mlango wetu unayo, Babu.” Nikamweleza kwamba milango ya buluu Buyenzi ni mingi.

Jumatano, 12 Novemba

Mpango wa nne, na huu ni wa mtu aliyesoma. Kama mwisho haupatikani, utungwe! Na utungwe vizuri kiasi kwamba hata Asiya angeuona ni wake.

Niliamka baada ya swala ya alfajiri nikaandika kurasa kumi na moja. Mlango wa buluu ni mlango wa shule. Kiboko anaingia, anaketi dawati la nyuma, anafundishwa pande nne za dunia, matumizi ya dira, na umuhimu wa kuuliza njia kabla ya safari, si baada. Anahitimu. Anarudi ziwani akiwa na cheti, anawafundisha wengine. Nilitokwa na machozi kwenye sehemu ya cheti.

Houda asingekubali. Nella je? Nikapanda Gihosha kwa miguu, nikapumzika mara sita, kila mara mahali penye mandhari nzuri ya ziwa ili isionekane kwamba napumzika. Nella ni binti mpole, mtoto wa mwalimu mwenzangu. Nikamwambia Houda amekubali. Uongo wa pili wa wiki; lakini wa kwanza ulikuwa umeuzaa, kwa hiyo kwa haki ni uongo mmoja.

Nella alisoma. Akasoma tena. Akasema kwa heshima, “Babu, ni nzuri, lakini kiboko yako anasema sana. Picha kumi na ine anatoa tu discours.” Nikamweleza kwamba hotuba ndiyo moyo wa hadithi. Akajaribu kumpigia Houda. Simu ya Houda ilikuwa imezima, umeme kwetu ulikuwa haujarudi. Nikasema hiyo ni ishara. Akachora haraka haraka, akaweka mtandaoni, akaandika juu: mwisho, toleo la Babu.

Nilishuka mlima kama kijana. Ziwa lote lilikuwa chini yangu, kijivu na tulivu, na milima ya Kongo ng’ambo ilionekana kama wanyama waliolala kwa ubavu. Nilizungumza na Asiya njiani. Nikamwambia kazi imekwisha.

Alhamisi, 13 Novemba

Kazi haijaisha. Ni mimi niliyekwisha.

Umeme ulirudi saa mbili asubuhi. Simu ya Houda ikawaka na kuanza kulia kama jogoo aliyechanganyikiwa. Maoni mia tatu! Mtu wa Uvira anauliza kama Kiboko ameteuliwa kuwa mkaguzi wa shule. Mwingine anasema aliipenda hadithi hii kwa sababu haikuwa kama shule, na sasa ni shule. Mmoja wa Kigoma aliandika: “Nimefika picha ya sita nikasinzia. Niamsheni akifika ziwani.” Kusinzia katikati ya hadithi! Watu wengine hawana adabu.

Houda hakupaza sauti. Laiti angepaza. Aliifuta ile sura, akaandika samahani kwa wasomaji, kisha akakaa kizingitini akitazama mvua. Akasema bila kunigeukia kwamba aliianza katuni hii wiki ya arobaini ya Bibi, kwa sababu alikuwa ameanza kuisahau sauti yake. Kila alipochora, aliisikia kidogo. Alidhani akifika mwisho ataisikia yote. Kesho ataifunga. Kiboko abaki mlangoni.

Nilikwenda chumba cha ndani. Nilikaa kitandani. Kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu mwaka ule wa jogoo. Nikaenda kwa Salvator nikamwomba.

Nilimwambia kwamba mwisho naujua, bila shaka, ila umenitoka kidogo kwa sababu ya umri. Aje amsimulie mtoto. Salvator hakucheka. Aliweka kitambaa chini. Akasema atakuja baada ya magharibi, kwa sharti moja: nitandike mkeka wangu sebuleni, pale pale, karibu na mlango, nijilaze kama zamani, na mlango uwe wazi. Nikauliza sababu. Akasema bila hiyo hadithi haina miguu. Nikaona ni mtego wa kunidhalilisha. Nikakubali. Houda alikuwa bado kizingitini.

Mkeka ulikuwa na vumbi. Niliukung’uta mwenyewe. Chini ya kichwa niliweka kanga ya Asiya, ile ya kijani.

Salvator alikuja na kigoda chake, amevaa shati la kanisani. Houda alikaa nje ya mlango, kwenye baraza, kishikwambi gotini. Mvua ilikuwa imebaki matone tu, tone kwenye ndoo, tone kwenye jani. Salvator akaanza. Sauti yake ni nzito lakini mapumziko yalikuwa ya Asiya. Aliyajifunza yote kupitia kwenye matundu ya uzio. Kiboko akatoka kula majani. Mvua ikafuta nyayo. Mji ukaota kama uyoga. Nilikuwa macho kabisa! Nilimwona yangeyange akipita juu ya paa na vifurushi. Nilimwona kinyonga akivuta pumzi ya kujibu salamu. Harufu ya udi ikapita, na hakuna aliyechoma udi. Kiboko akaingia barabara yetu. Kila alipokanyaga, unyayo ulijaa maji na mbingu. Akafika kwenye mlango wa buluu. Nikafumba macho ili nisikie vizuri zaidi. Akainamisha kichwa chake kikubwa. Akatega sikio.

Nikasikia Salvator akisema, “Sasa nyamaza, mutoto wangu. Ngojea.”

Houda alikuwa ameinama juu yangu, ananikumbatia shingo, uso wake umelowa. Analia na kucheka kwa pamoja, jambo ambalo kiafya si zuri. Taa zilikuwa zinawaka, chai imeshapoa. Salvator aliketi amejishika tumbo, machozi yanateremka hadi kwenye kola ya shati la kanisani. Akasema, “Miaka mbili, Mwalimu. Miaka mbili sijaisikia ile kitu.”

Nikawauliza mbona hawakumalizia hadithi. Wakaangaliana. Houda akasema, “Imeisha, Babu. Umeimalizia wewe.” Mtoto mwenye adabu, anataka kunifariji. Nikasema bila shaka nimeimalizia.

Houda hakula. Alikuwa anachora.

Ijumaa, 14 Novemba

Mwisho umetoka! Nella aliutia rangi asubuhi yote, ukawekwa mtandaoni baada ya swala ya Ijumaa. Houda alininyooshea kishikwambi akakaa kunitazama. Naeleza picha kwa picha, maana siku moja umeme utakatika moja kwa moja na shajara hii itabaki.

Kiboko yuko mlangoni, jioni, mvua imekwisha. Sikio limegusa ubao wa buluu. Picha inayofuata haina mnyama wala nyumba, ni sauti tu: kutoka chini ya mlango inatoka sauti iliyochorwa kama wimbi, inapanda, inajikunja, inashuka, inajaa ukurasa mzima hadi unalazimika kuisukuma kwa kidole kwa muda mrefu, juu, juu, juu. Kiboko anafumbua macho. Ndugu yake! Ndiyo sauti ya ziwa yenyewe, ile nzito ya usiku wa maji makubwa. Kumbe ziwa lilikuwa humu. Barabara inajaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, nyumba zinaelea kwa kamba zao, na Kiboko analala kwa ubavu kando ya ukuta, amefika.

Picha ya mwisho ni ndani. Mzee mnene amelala mkekani chali, mdomo wazi, kitabu juu ya tumbo, na wimbi lote lile linatoka kwake. Kando yake ameketi Asiya. Ni yeye, kabisa, hata namna anavyokunja mguu. Anatutazama sisi wasomaji, kidole mdomoni, akituomba tusimwamshe.

Niliitazama sana. Chini ya kichwa cha mzee kuna kanga ya kijani. Macho yalinisumbua kidogo. Vumbi la mkeka.

Maoni yamepita elfu mbili. Yule wa Kigoma amesema hakusinzia.

Nilimpongeza Houda. Nikamwuliza tu, kwa upole, kwa nini ameamua kumchora Salvator ndani ya nyumba yetu. Maana tumbo lile ni la Salvator, hilo halina ubishi, na mtu anayekoroma namna ile hawezi kuwa mwingine. Mimi sikoromi. Asiya aliishi nami miaka arobaini na tatu hakuwahi kulalamika hata siku moja.

Houda akanibusu kwenye paji la uso akaenda kumpigia Nella.

Nimeamua kutomwambia Salvator. Atajisikia vibaya.

Jumapili, 16 Novemba

Jua. Mafundi wanagonga. Mkeka sikuukunja tena. Nimeuacha pale karibu na mlango, sebule inapendeza nao. Salvator ameniambia juu ya uzio kwamba amelala siku tatu mfululizo kama mtoto. Nilimwambia ni kwa sababu ya lile jaribio langu la kumbukumbu.

Asubuhi Houda alikuja na chai. Wasomaji wanataka hadithi nyingine. Anaikumbuka ile ya Bibi ya kinyonga aliyekwenda kuposa kwa yangeyange na kuchelewa harusi yake mwenyewe, lakini anaikumbuka hadi pale kinyonga anapouvuka mto tu. Aliniuliza, huku akitabasamu kwa namna ambayo sikuielewa, kama kwa bahati mimi naujua mwisho.

Naujua! Nimemwambia naujua neno kwa neno, mwanzo hadi mwisho, atangaze hata leo. Amekwisha kutangaza.

Kuna tatizo dogo la baada ya mto. Si kubwa. Ninajilaza kidogo tu mkekani baada ya chakula, macho yamefumbwa, masikio wazi, naukumbuka wote.